Kadi za Mama Presha

Majirani walidhani Mama Presha ni muuguzi. Jina ndilo lililomponza. Mtu akisikia presha anafikiria kipimo cha kufunga mkononi, vidonge, na onyo la kupunguza chumvi. Mara mbili tatu kwa mwezi mtu alibisha hodi nyumbani kwake, akaanza kukunja mkono wa shati kabla hajakaribishwa kiti, akaomba apimwe. Naye alijibu bila kuchoka kwamba presha anayoipima yeye si ya watu bali ya metali, na kwamba mgonjwa wake hapewi kidonge, anaachwa apoe. Wengine walicheka. Wengine waliondoka wakiamini kwamba wamenyimwa.

Mahali pake pa kazi palikuwa ghorofa ya pili ya taasisi moja ya utafiti, chumba cha mwisho kushoto, ukishapita choo cha wanaume. Humo mlikuwa na mashine yenye ukubwa wa friji ndogo, na katikati ya mashine almasi mbili zilizotazamana ncha kwa ncha, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Kati ya ncha hizo Mama Presha aliweka chembe ya metali ambayo kwa macho matupu ungeiita vumbi, akaibana. Alianza na mgandamizo mara elfu kumi ya ule wa hewa inayotuzunguka, akapanda hadi elfu ishirini, elfu thelathini, mpaka elfu sitini. Kwenye kila ngazi aliipasha chembe moto, jicho la kulia likiwa kwenye hadubini, akangoja. Chembe ikiyeyuka alisema "sasa", hata kama chumbani hamna mtu, akasoma nyuzi kwenye kipimajoto cha zamani ambacho hakikuunganishwa na kompyuta, akaandika. Miaka kumi na tisa alikuwa akisema "sasa".

Swali lenyewe ni rahisi kulitamka: kitu kikibanwa sana, kitayeyuka kwenye joto gani? Metali iliyoganda ni kama watu waliojipanga foleni. Joto linawatikisa, kila mmoja anayumba mahali pake, mpaka foleni inavunjika na kila mtu anashika njia yake. Huko ndiko kuyeyuka. Ukiwabana watu hao bega kwa bega, kuivunja foleni kunataka mtikiso mkubwa zaidi. Ndiyo maana metali nyingi, kadiri zinavyobanwa, ndivyo zinavyodai joto zaidi. Barafu ni mkaidi, yenyewe ukiibana inayeyuka mapema, na wakaidi wa namna hiyo wapo wengine wachache. Kazi ya taasisi ilikuwa kupima ngazi sita, kuchora mstari, kisha kuutumia mstari huo kutabiri ngazi ambazo mashine haijazifikia. Mwaka huo walikuwa wanapima mchanganyiko wa bati, risasi na kitu cha tatu ambacho mkataba ulikataza kisitajwe, na ambacho hata mfagiaji wa ghorofa ya pili alikijua.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mkuu wa maabara wa zamani, aliyeitwa Mzee Chaki kwa sababu koti lake lilikuwa jeupe kifuani hata siku ambazo hakufundisha. Mzee Chaki hakupenda madaftari. Alisema daftari linamshawishi mtu aangalie alichoandika jana kabla ya kuandika cha leo. Kwa hiyo kila yeyuko lilipata kadi yake: tarehe, saa, nyuzi, basi. Kadi iliingizwa kwenye boksi na haikutolewa mpaka kazi iishe. Mgandamizo ulijiandikisha wenyewe kwenye kompyuta, pamoja na saa yake. Mwisho wa mwezi Mzee Chaki alishuka na boksi ofisini, akalinganisha saa za kadi na saa za kompyuta, akachora. Alipostaafu alimwachia Mama Presha kiti cha kuzunguka na rula ya chuma. Ofisi ilimwachia Dokta, mkuu mpya wa maabara.

Dokta alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mpole, amesoma mbali na amesoma sana. Kila asubuhi alimwamkia Mama Presha shikamoo kamili, si ile inayomezwa nusu mlangoni. Katika wiki zake tatu za kwanza alizichukua kadi zote za mchanganyiko ule, mia moja na kitu, akaziingiza kwenye kompyuta yeye mwenyewe kwa vidole viwili, akaiamuru ilinganishe saa na saa na imletee mstari. Ripoti ya wenye mkataba ilitakiwa Jumatatu. Jumatano alipanda ghorofani na kompyuta yake ya mkononi na karatasi iliyochapwa, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari za msiba asiojua aanzie wapi.

Grafu ilikuwa mbaya. Upande wa kushoto, kwenye mgandamizo mdogo, nukta zilikaa juu: mia nne, mia nne arobaini na mbili, mia nne themanini na mbili. Halafu palikuwa na genge, kama ukingo wa korongo. Upande wa kulia, kwenye mgandamizo mkubwa, nukta zilikuwa zimeporomoka hadi mia mbili sitini na mbili, zikaanza kupanda upya, mia tatu na kumi, mia tatu hamsini na sita. Ilikuwa kama ngazi iliyokatwa katikati na nusu yake ya juu kuwekwa chini.

Dokta alieleza kwa kuzunguka sana. Huenda, alisema, metali hii hubadili tabia yake katikati ya safari. Lakini yeye haamini, maana mabadiliko ya ndani huukunja mstari wa kuyeyuka, hayaukati. Mama Presha alikubali. Hata Mzee Chaki alikuwa akisema barabara inaweza kupiga kona, lakini haiwezi kukatika hapa ikaendelea bondeni. Basi, Dokta akasema huku akiitazama kalamu yake, imebaki sababu nyingine. Ngazi za chini hupimwa asubuhi. Ngazi za juu hupimwa mchana.

"Mama, samahani. Huwa unakula saa ngapi?"

Mama Presha alimtazama kwa jicho lile lile la kulia.

"Unasema nasinzia."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema nakula."

Dokta alijitetea kwamba uchovu ni wa kila binadamu. Kwamba mtu akichoka anaweza kuona chembe imetikisika kabla haijatikisika. Mama Presha alimwambia asubuhi nyuzi hazijawahi kufika mia nne, hata siku moja, na anazikumbuka kama watoto wake. Dokta akajibu, kwa upole uleule uliokuwa unaanza kumuudhi, kwamba kumbukumbu si kipimo. Kipimo ni kadi, na kadi zimeandikwa kwa mkono wake yeye mwenyewe.

Mengine yalitoka kidogo kidogo. Mkuu wa taasisi ameshaiona grafu. Amependekeza kamera ifungwe juu ya hadubini. Kuna barua, itasainiwa Jumatatu, ya kumhamishia Mama Presha stoo ya vifaa, mshahara uleule. Na kadi zake zitaondolewa kwenye ripoti. Hapo Dokta alimwachia ile karatasi iliyochapwa ili aipitie kwa nafasi yake, akaaga.

Stoo ilikuwa chumba cha chini chenye taa moja na makopo ya rangi. Lakini kilichomuuma Mama Presha hakikuwa chumba. Akiondolewa kwenye hadubini kwa sababu hiyo, basi kila "sasa" aliyoisema kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ya mtu anayesinzia.

Jioni aliiweka karatasi juu ya meza ya kulia na kuanza kuipitia mstari kwa mstari. Mume wake alikuwa kinyozi, mwenye duka la kiti kimoja na maoni ya viti kumi, na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, nywele zake mwenyewe zilikuwa zimemfunika masikio. Alisoma juu ya bega la mkewe na kusema kwamba yeye anaamini kabisa anasinzia, maana nyumbani anasinzia hata mbele ya taarifa ya habari. Mama Presha alimwambia taarifa ya habari haiyeyuki. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele upande wa pili wa meza, hakucheka. Alitaka kujua ni nani huyo aliyesema mkwe wake analala kazini, na mama yake ni nani.

"Kadi zenyewe umeziona?" aliuliza.

"Nimeona hii karatasi, mama."

"Hiyo ni karatasi yake. Mimi nakuuliza zako."

Ilikuwa kweli hajaziona. Kabla hajajibu, kinyozi aliweka kidole katikati ya karatasi. Kulikuwa na tarehe pale, ya kumi na mbili mwezi uliopita. Si ndiyo siku aliyompeleka mama kliniki? Mama Presha akaisoma. Mstari, kwenye safu ya asubuhi, ulisema tarehe kumi na mbili, 08:30, nyuzi mia nne. Asubuhi ile yeye na mama mkwe walikuwa kwenye benchi la kliniki nyuma ya watu arobaini, na mama mkwe alikuwa anamweleza kila mmoja wao kwamba mkwe wake anaitwa Presha lakini hana msaada wowote. Fundi wa umeme ndiye aliyeiwasha mashine siku hiyo, akaipandisha ngazi ya kwanza, akaiacha. Mama Presha aliingia kazini saa nane kasoro. Asubuhi hakuandika kitu.

Mama mkwe aliinuka, akarudi na kitabu chake cha kliniki, akakiweka juu ya karatasi, ukurasa wa muhuri ukiwa wazi.

"Mpelekee," alisema. "Na kirudi. Kina dawa zangu."

Alhamisi asubuhi Mama Presha hakupanda ghorofani kwanza. Aliingia ofisini kwa Dokta, akaitikia marahaba, akaweka kitabu cha kliniki mezani na kumwonyesha muhuri, tarehe, na saa ambayo muuguzi alikuwa ameiandika kwa wino mwekundu. Halafu akamwonyesha mstari wa karatasi. Akamwomba amweleze amewezaje kuwa kwenye benchi na kwenye hadubini kwa wakati mmoja, maana kama anaweza hilo, basi mshahara wake ni mdogo.

Dokta hakubisha. Alivuta boksi la kadi, akapekua, akaipata ya tarehe kumi na mbili. Alionekana kupata nafuu kwamba ipo.

"Hii hapa, Mama. Saa mbili na nusu, nyuzi mia nne."

Mama Presha aliichukua kadi, akaisogeza mbali kidogo na uso ili aione vizuri.

"Saa nane na nusu, nyuzi mia nne."

Dokta akainuka na kuja upande wake wa meza. Wakaitazama kadi pamoja. Ilikuwa imeandikwa 8:30, kwa wino wa bluu, hati safi ya mtu aliyefundishwa kuandika kwa fimbo.

"Si ndiyo hiyo?" Dokta alisema. "Nane na thelathini. Saa mbili na nusu."

"Dokta, nane ni nane."

Dokta aliitazama kadi, akamtazama Mama Presha, akaitazama saa ya ukutani.

"Mama, wewe unaandika saa kama unavyoisema?"

"Sasa niandike kama nisivyoisema?"

Ndivyo sisi wengine tufanyavyo, na hatujui kama tunafanya. Tunaandika 8:00 na mdomo unasema saa mbili. Tunaona 4:00 tunatamka saa kumi. Tulijifunza shuleni tukiwa wadogo mno kushangaa, na tangu hapo mkono una saa zake na ulimi una zake. Mama Presha aliingia maabara akitokea karakana ya kuchonga vyuma, ambako saa ya ukutani ilikuwa imepangwa kama watu wanavyosema, na Mzee Chaki alimwambia kadi iandikwe kama mtu anavyoongea, bila mapambo. Saa mbili na nusu ya asubuhi aliiandika 2:30. Saa nane na nusu ya mchana aliiandika 8:30. Mzee Chaki alizigeuza kichwani mwake alipokuwa akichora, miaka yote hiyo, na halikumjia hata mara moja wazo la kumwambia mtu. Alikwenda na jambo hilo kwenye ustaafu pamoja na chaki zake.

Dokta alipokutana na 2:30 alijiuliza ni nani aliye kazini usiku wa manane, akajibu hakuna, akaipeleka mchana. Alipokutana na 8:30 hakujiuliza chochote, akaiacha asubuhi. Kwa hiyo kila kipimo cha asubuhi kilihamia mchana na kila cha mchana kikahamia asubuhi, kwa tofauti ya saa sita kamili, bila kukosea hata kimoja. Kompyuta ilitii. Metali ndiyo iliyoonekana mwendawazimu.

Alikaa chini, akaandika amri ya mstari mmoja, akabonyeza. Nukta zikavuka kutoka upande hadi upande, zikajipanga. Mia mbili sitini na mbili kwenye elfu kumi. Mia nne themanini na mbili kwenye elfu sitini. Kati yake zilipanda bila genge, bila kona.

Dokta aliomba radhi mara tatu. Ya kwanza Mama Presha aliipokea. Ya pili alisema kosa lenyewe linatosha watu watatu, Mzee Chaki naye apelekewe fungu lake. Ya tatu alimwambia asimalize pumzi, ana kazi. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo kila kadi itaandikwa asubuhi au mchana kwa maneno, na kitabu cha kliniki kikarudi kwenye mkoba.

Ila barua ya stoo haikufutika kwa amri ya mstari mmoja. Dokta alimweleza Mkuu kwa simu, naye Mkuu akacheka sana, kisha akauliza swali lake. Sawa, saa zimerekebishwa. Lakini kamera imeshanunuliwa, haichoki na haili. Kwa nini ripoti ya taasisi itegemee jicho la mtu mmoja? Kesho wanapima ngazi mpya ya elfu tisini. Wafunge vyote viwili, hadubini na kamera. Halafu Dokta ndiye aseme ni kipi kitaandikwa kwenye ripoti, na barua itafuata neno lake.

Mama Presha alipoambiwa alisema hewala. Alikuwa hapendi kubembeleza.

Ijumaa asubuhi Dokta alipanda mapema na skrini kubwa, akaifunga ukutani. Kabla mashine haijaanza kupanda, waliandika utabiri wao ubaoni, kama ilivyokuwa desturi tangu enzi za Mzee Chaki. Mama Presha aliweka rula ya chuma juu ya nukta zake sita, akaurefusha mstari hadi elfu tisini, akasoma: mia sita na kumi na nne. Dokta aliitazama rula kwa heshima iliyochanganyika na huruma. Alisema mstari huo umenyooka machoni tu, kwa kweli unainama kidogo kila ngazi, na kanuni yake inaujua mwinamo. Yeye aliandika mia tano themanini na nane.

"Unainama wapi?" Mama Presha aliuliza. "Mimi naona umenyooka kama askari."

"Askari mwenye kitambi, Mama. Tizama hatua zake. Arobaini na nane, arobaini na sita, arobaini na nne. Anachoka."

"Basi atakayekuwa mbali na ukweli apige deki chumba hiki. Na si kupitisha maji tu, chini ya mashine pia."

Dokta alikubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu.

Mashine ilipanda hadi elfu tisini kwa saa moja na robo. Hakuna almasi iliyopasuka, jambo ambalo lenyewe lilistahili shukrani. Moto ukaanza. Mama Presha alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, akaweka jicho mahali pake na kuliacha hapo. Dokta alisimama katikati ya skrini na kipimajoto, akisoma nyuzi kwa sauti. Mia tano. Mia tano na hamsini. Kwenye skrini chembe ilionekana kama kokoto ya kijivu, kubwa kama sahani, isiyo na nia ya kwenda popote. Mia tano themanini. Themanini na nane, nambari yake, akaisoma polepole kidogo. Kokoto haikujali. Themanini na tisa. Tisini.

Kuyeyuka kwa chembe iliyobanwa hakufanani na barafu inayotona. Hapana tone, hapana mtiririko, maana haina pa kwenda. Kuna ukingo tu, ambao dakika zote umekatika kama wembe, halafu mahali pamoja unapata mtetemo, kama uso wa maziwa muda mfupi kabla hayajapanda. Asiyeuzoea hauoni. Anayeuzoea hawezi kuacha kuuona.

"Mia tano tisini na tatu," alisoma Dokta.

"Sasa," alisema Mama Presha.

Dokta aliitazama skrini. Kokoto ilikuwa kokoto. Akaitazama tena, akasogea karibu hadi pumzi yake ikaweka ukungu juu ya kioo. Hakuna kilichotikisika. Kalamu ilikuwa mkononi, kadi tupu mezani, na kipimajoto kilikuwa kinapanda, tisini na nne sasa, wala hakimngoji mtu.

Ndipo alipogeuka akauona ubao. Mia sita na kumi na nne ilikuwa ya Mama Presha. Kama angenyamaza nyuzi kumi tu zaidi, angeshinda, na kamera bado ilikuwa haijaona cha kumsuta. Alikuwa amesema "sasa" nyuzi tano kutoka nambari ya Dokta na nyuzi ishirini na moja kutoka yake. Mtu anayeona anachotaka kuona haoni hivyo.

Dokta aliinama akaandika 593 kwenye kadi. Akaweka tarehe, akaweka saa, akaandika asubuhi. Alikuwa anafunga kalamu wakati ukingo wa kokoto kwenye skrini ulipoanza kulegea, nyuzi mia tano tisini na saba.

"Umechelewa nyuzi nne," Mama Presha aliiambia kamera, bila kuondoa jicho.

Dokta alisema ripoti itaandikwa kwa kadi, kamera itabaki ya kuonyeshea wageni, na barua ya stoo ataifuata mwenyewe kwa Mkuu kabla ya chakula. Alisema hayo kwa haraka, kama mtu anayeogopa atapewa jibu zuri. Hakupewa. Mama Presha alizima moto, akazungusha kiti, akautazama ubao kwa muda na ile nambari yake iliyonyooka.

"Kweli ana kitambi," alisema.

Kisha akatoka kwenda kuleta ndoo, na aliporudi alimwambia Dokta kama bado anakaa kuandika, basi ainue miguu.